Fiziotherapia na akupancha Tanga: kagua barua ya rufaa kwanza

Daktari akikwambia uende fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, usitoke chumbani kwake kabla hujaisoma barua anayokupa. Hapo ndipo mama yangu alipopotezewa muda na hela. Barua yake iliandikwa "maumivu ya mgongo", basi. Haikueleza yalianza lini, kama yanashuka mguuni, wala eksirei ilionyesha nini, na picha yenyewe ilibaki kule alikopigwa eksirei. Mtaalamu wa mazoezi akakataa kubahatisha na mgongo wa mtu mzima, na alikuwa sahihi. Mama akalipia picha nyingine, akarudi Muheza bila huduma.

Kwa hiyo hakikisha barua ina ugonjwa uliobainika, majibu ya vipimo, dawa unazotumia, sahihi na muhuri. Picha umeilipia, ondoka nayo. Mwenye bima aulize mapema kama mazoezi yanalipiwa na kama yanataka kibali. Anayelipa mwenyewe atunze risiti.

Siku ya kwanza usitegemee kukandwa. Utahojiwa, utainamishwa, utatembezwa, nguvu za misuli zitapimwa. Vaa nguo pana. Mazoezi utakayofundishwa yafanye nyumbani, maana hiyo ndiyo tiba yenyewe. Kliniki wanakuelekeza na kukurekebisha.

Akupancha, yaani tiba ya kuchomwa sindano mwilini, kwetu inahesabiwa tiba mbadala, na sheria ya mwaka 2002 imeiweka chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona cheti cha usajili, tena bila haya. Sindano zake ni nyembamba sana na hazipitishi dawa. Zifunguliwe pakitini mbele yako, zitumike mara moja, zitupwe. Usiende na njaa, utapata kizunguzungu. Taja ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, au kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, hasa wakitaka kupitisha umeme kwenye sindano. Baadhi ya watu hupata nafuu ya maumivu sugu. Anayekuahidi kwamba sindano zitaponya kiharusi, muache na hela yako mfukoni.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukaziba au ukakutoka wenyewe, au miguu ikalegea ghafla, usingoje siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura hospitali ya Bombo saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.