Ruzuku ndogo baada ya vita: anzeni na bajeti, andiko litafuata

Asasi nyingi hufungua andiko la mradi kwa historia ya vita, kurasa tatu nzima, kisha bajeti inaungwaungwa usiku wa mwisho. Geuzeni mpangilio huo. Anayepitia maombi anaijua vita. Asichokijua ni fedha zake zitafanya nini, wapi na kwa ajili ya nani.

Tuseme mnataka kufufua kisima cha pampu ya mkono kinachotumiwa na waliorejea kutoka ukimbizini pamoja na wale ambao hawakuondoka. "Kuimarisha maridhiano" hakuna bei. Vyenye bei ni hivi: vipuri vya pampu, fundi siku 4, saruji mifuko 6, mafunzo ya siku 2 kwa kamati ya watu 12 (6 kila upande, nusu wanawake), na vikao 5 vya kupanga zamu na mchango wa matengenezo. Kila kasma (mstari mmoja wa bajeti) ionyeshe kipimo, idadi, bei ya kimoja na jumla. "Mafunzo" yenye jumla tupu ndiyo hukatwa kwanza. Mkimaliza, kila kasma inawapa aya moja ya andiko, na kazi ya kuandika inakuwa nusu.

Miito mingi ya maombi ya ruzuku hutaja Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2000, kuhusu wanawake, amani na usalama. Hakuna haja ya kulinukuu. Andikeni ni wanawake wangapi watashika ufunguo wa pampu.

Kabla ya kutuma, ulizeni kiwanja ni cha nani. Vita huacha ardhi yenye wenyewe wawili: aliyekimbia na aliyeingia. Mkikarabati kisima juu ya mgogoro huo, tayari mmechukua upande, hata kama barua ya kiongozi mnayo. Waulizeni majirani wa pande zote mbili. Kama kuna shaka ya mabomu ya kutegwa ardhini, msichimbe mpaka mamlaka husika ithibitishe eneo limesafishwa. Ruzuku ndogo haibebi gharama ya kutegua, hivyo hamisheni mradi. Angalieni pia fundi, dereva na muuza saruji wanatoka wapi. Wote wakiwa wa kundi moja, watu watahesabu.

Nyaraka za kawaida ni cheti cha usajili, katiba, hesabu za mwaka uliopita na akaunti ya benki yenye watia saini wawili au zaidi. Jina la akaunti lilingane na la cheti herufi kwa herufi, la sivyo fedha zinaweza kukwama benki. Ruzuku za serikali ya Marekani kwa kawaida hudai UEI, namba ya kuitambulisha asasi, inayotolewa na SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali hiyo. Kuipata huchukua wiki kadhaa jina au anwani zikitofautiana na nyaraka, na haina malipo. Anayewatoza ni dalali tu. Asasi isiyosajiliwa inaweza kuomba kupitia iliyosajiliwa, lakini wekeni kwa maandishi nani anashika fedha na nani anatia saini.

Fedha zikifika, stakabadhi ndizo huwaangusha wengi. Wauzaji wa masoko yaliyofufuka juzi mara nyingi hawana. Beba kitabu chako: tarehe, bidhaa, idadi, bei, jina la muuzaji, saini au dole gumba, na shahidi. Muulizeni mfadhili mapema, kwa maandishi, kama atakikubali. Kuhamisha fedha toka kasma moja kwenda nyingine kuna kikomo ndani ya mkataba. Ruhusa huombwa kabla ya kutumia. Awamu ya mwisho mara nyingi hutolewa baada ya ripoti, kwa hiyo msiahidi kumlipa fundi kwa fedha hiyo.

Karatasi ya mahudhurio nayo ni hatari. Orodha ya manusura wa ubakaji au wapiganaji wa zamani, yenye majina na vijiji, ikivuja inaweza kuua. Tumieni namba badala ya majina. Daftari linalounganisha namba na jina likae mahali pengine, chini ya watu wawili tu, na hili mlikubaliane na mfadhili kabla ya kusaini mkataba, maana wakaguzi wake watayaulizia majina.