Gari Limetelekezwa Mtaani? Usiliguse Kabla Hujaandika Namba Zake

Karibu miaka mitatu kona yetu hapa Tandika, Temeke, jijini Dar es Salaam, ilikuwa na Hiace juu ya mawe. Tairi hazipo, kioo cha nyuma kimezibwa na gunia. Masika yakianza, sakafu yake na tairi la spea vilijaa maji, na ukimulika tochi ya simu unaona viluwiluwi vinacheza. Gari la kunyonya maji taka likawa haliwezi kukata kona. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, kwa hiyo lawama zote ziliishia barazani kwangu. Kuliondoa kulichukua miezi minne, na miwili tuliipoteza wenyewe kwa kubisha hodi mlango usiohusika. Naandika ili wewe usiipoteze.

La kwanza: gari hata likioza namna gani, lina mwenyewe. Vijana wa skrepa walinifuata mara mbili: "Mama, tuachie usiku mmoja tu, asubuhi hulioni." Nilikataa, na wewe kataa. Kukata gari la mtu ni kesi, hata kama mtaa mzima unalichukia. Isitoshe hujui historia yake. Huenda liliibwa na mwenyewe bado analitafuta, au ni kidhibiti cha kesi.

Chukua kalamu. Andika namba ya usajili. Kama vibao vimeng'olewa, tafuta namba ya chesisi. Kwenye magari mengi ya Kijapani imegongwa kwenye chuma kinachotenganisha injini na kabini, au ipo kwenye kibati kidogo hapo hapo. Sisi ilibidi tusugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka tarakimu zikajitokeza. Piga picha pande zote nne, na picha moja ionyeshe nyumba iliyo karibu pamoja na namba yake ya anwani za makazi.

Kisha uliza watu. Hatua hii wengi wanairuka, wakati ndiyo iliyotusaidia kuliko zote. Anza na mafundi gereji, kwa sababu magari mengi yanayofia mtaani yalianza kama gari la kutengenezwa: mwenyewe akakosa hela ya spea, fundi akahama, gari likabaki. Fundi mmoja alinielekeza Mbagala, nikamkuta mama mjane. Alipoona nimekuja na mwenyekiti alidhani tumekuja kumdai. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, na hakuwa na nauli ya bredauni, yaani gari la kuvuta magari mabovu, sembuse pesa ya faini.

Ukikuta hali kama hiyo, usikubali maneno ya mtoto mkubwa au shemeji. Anayeweza kuruhusu gari la marehemu liondolewe au liuzwe ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe akuonyeshe barua ya mahakama, halafu akupe ridhaa kwa maandishi.

Sasa, mlango upi? Angalia gari limesimama juu ya ardhi ya nani. Barabara kuu kama Kilwa, Mandela, Nyerere na Morogoro ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Barabara nyingi za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017. Sisi tulikosea hapa: tuliandikia ofisi ya barabara isiyo yetu, tukakaa kusubiri jibu. Sokoni na kwenye viwanja vya wazi, nenda halmashauri. Kama liko ndani ya kiwanja cha mtu, anza na mwenye kiwanja.

Kumbuka Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja inatunga sheria ndogo zake kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Kwa hiyo siku za notisi na gharama alizokutajia ndugu yako wa Sinza usizichukue kuwa ndizo za Temeke. Nenda kwa mwanasheria wa halmashauri yako, mwombe uzisome.

Barua iwe fupi. Yetu ilikuwa hivi: "YAH: GARI LILILOTELEKEZWA. Tunaomba ofisi yako iliondoe gari lenye namba ya chesisi iliyotajwa hapo chini, lililopo mbele ya nyumba namba fulani tangu mwaka fulani. Linaziba njia na kutuamisha maji. Picha zimeambatishwa." Ipitie kwa mtendaji wa mtaa na wa kata. Nakala moja mpe polisi kata ili namba zikaguliwe, nyingine bwana afya. Yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri huo, ukirudi baada ya wiki tatu unaambiwa barua haikufika, nawe huna cha kuonyesha.

Bwana afya usimdharau. Dar ilishapigwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, anayeuma mchana, hutaga kwenye maji kama hayo ya tairi. Mayai yake huvumilia ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa bwana afya nguvu ya kuagiza mazalia yaondolewe, hata kabla suala la gari lenyewe halijaisha. Wetu alikuja na kijana mmoja, wakamwaga maji yote na kutoboa sakafu ya gari mbele ya mwenyekiti.

Mwisho wa yote mama wa Mbagala aliuza chuma kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha vyuma chakavu, aliyeleta bredauni yake mwenyewe. Mama akasaini, akaondoka na pesa mkononi. Kadi ya gari na vibao alivipeleka mamlaka ya mapato (TRA) kufuta usajili. Betri na oili chafu hakikisha vinaondoka pamoja na gari, visimwagwe mtaroni.

Nafasi ikibaki wazi, itumieni siku hiyo hiyo, maana gereji ya jirani tayari inaipigia hesabu. Sisi jioni ile tulizibua mtaro uliokuwa chini ya gari na kupanga mawe yale yale ukingoni. Asubuhi yake gari la maji taka likaingia.