Fuata waya: usalama wa wafanyakazi wanaofanyia kazi nyumbani

Ofisi yetu iko Kisumu, chumba kimoja na nusu juu ya duka la vitabu. Tuko watu 17. Watano tunaketi pale; 12 wanafanyia kazi nyumbani: Migosi, Nyamasaria, Luanda, Mumias, na kijana mmoja Njoro, kaunti ya Nakuru. Kazi ni kuingiza data na kulinganisha hesabu za sacco. Mambo ya usalama yaliniangukia mimi kwa sababu ufunguo wa sanduku la huduma ya kwanza ulikuwa kwangu. Hakuna sababu nyingine.

Mwaka wa kwanza nilitafuta fomu mtandaoni, nikaipanga vizuri, nikaisambaza. "Je, kiti chako kina mahali pa kuegemeza mikono?" Wote 12 wakaweka alama ya ndiyo, hata wale ninaojua wanaketi kitandani. Wiki mbili baadaye dada wa Mumias akaniandikia WhatsApp: "Madam, hii laptop inanitekenya nikiigusa. Ni sawa?" Fomu yangu haikuwa na swali la aina hiyo. Tangu hapo niliitupa, nikaanza utaratibu huu.

Hatua ya 1: Jua sheria inakudai nini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikusema mahali pa kazi ni ofisi. Imetaja ardhi, jengo, chombo au mahali popote mfanyakazi anapokuwa akiwa kazini. Kwa hiyo meza ya jikoni kule Mumias inakuhusu saa za kazi zikianza. Kamati ya usalama inakuwa lazima ukifika wafanyakazi 20, lakini wajibu wa kutafuta hatari na kuziondoa haungojei idadi hiyo.

Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ambayo wengi tunaiita WIBA, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mwandikie wakala wako wa bima, umweleze ni wangapi wanafanyia kazi nyumbani na wako wapi, na udai jibu la maandishi. Wa kwetu alikuwa akiamini sote 17 tunabanana katika kile chumba kimoja na nusu.

Hatua ya 2: Andika mahali, si anwani tu

Sanduku la posta halitakusaidia mtu akianguka. Kwenye daftari letu kila mfanyakazi ana mstari unaoonyesha mtaa, alama ("nyuma ya posho mill, geti la kijani, mlango wa tatu"), nambari ya jirani au caretaker, na hospitali iliyo karibu inayofungua usiku. Jirani awe mtu anayejua kwamba nambari yake imeandikwa. Tulijaribu kupiga zote siku moja. Tatu zilikuwa zimezimwa, na moja ilipokelewa na mtu aliyehama Nyamasaria zamani.

Halafu mkubaliane kuhusu ukimya. Kwetu, asiyesalimia kwenye kundi letu la WhatsApp kufikia saa tatu asubuhi anapigiwa simu. Asiposhika hadi saa nne, anapigiwa jirani. Mwanzoni walilalamika kwamba tunawachunga kama mbuzi. Nikawaeleza kwamba salamu hiyo haihesabiwi kama rejista ya kuchelewa, na meneja wa kazi haruhusiwi kuitumia hivyo. Ukiigeuza kuwa rejista, watu watasalimia wakiwa bado kwenye matatu, nawe hutajua lolote.

Hatua ya 3: Fuata waya

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Mgongo unauma polepole, lakini stima haikupi muda.

Panga simu ya video ya dakika kumi na kila mtu, siku mliyokubaliana. Sema mapema kwamba hutaki kuona nyumba. Wengi wanaishi bedsitter, kitanda na jiko viko pamoja, na hakuna anayependa bosi aangalie kamba ya nguo zake. Kama wewe ni mwanamume, mwachie mwanamke awapigie wanawake.

Dada wa Mumias nilimwambia: "Usinionyeshe kompyuta. Shika waya wa chaja, uufuate."

"Mpaka wapi, madam?"

"Mpaka utakapoisha."

Kamera ikashuka. Waya wa chaja uliishia kwenye plagi ya miguu miwili. Plagi ilikuwa imelazimishwa ndani ya ekstensheni ya matundu matatu, na kwenye lile tundu la juu palikuwa na kifuniko cha kalamu, kimesukumwa ndani ili milango midogo ya soketi ifunguke. Ekstensheni ilipita chini ya godoro. Ilipotokea upande wa pili ilikuwa imebeba pia koili ya kupikia. Pale ukutani, soketi ilikuwa na doa la kahawia ukubwa wa shilingi kumi.

Lile tundu la juu ni la waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Chaja ya miguu miwili haina waya huo, ndiyo maana kompyuta yenye mwili wa chuma hutekenya: umeme kidogo sana unavuja kutoka kwenye chaja na kupitia kidoleni. Mtekenyo wenyewe hauui. Ila ukiusikia kwenye kifaa chenye plagi ya miguu mitatu, huenda nyumba haina waya wa ardhi kabisa, na siku hitilafu kubwa itakapotokea kwenye pasi au friji, mwili wako ndio utakaokuwa waya wa ardhi.

Doa la kahawia lilinitisha zaidi. Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni takriban wati 3,100. Koili moja inaweza kula wati 2,000. Ekstensheni za bei ya chini zina waya mwembamba unaoweza kuungua kabla fyuzi haijakatika, na ukiufunika kwa godoro joto halina pa kutokea.

Kwa hiyo kwenye kila simu angalia haya: waya unaanzia wapi, unapita chini ya nini, unabeba nini kingine, na pale ukutani pana rangi gani. Muulize kama soketi huwa na joto au harufu. Muulize kama sakiti breka hujizima mara kwa mara, na nani huirudisha. Akikujibu kwamba aliifunga kwa kijiti isijizime, kata simu utafute fundi siku hiyo hiyo.

Malipo ni juu ya kampuni. Tulinunua waya za chaja za plagi ya miguu mitatu na ekstensheni nzito, moja kwa kila mtu, ya kazi peke yake. Pasi na koili marufuku humo. Ukarabati wa nyumba ni wa mwenye nyumba, na hapa utakutana na neno "nitaangalia". Mpangaji akiomba peke yake hungoja miezi. Sisi huandika barua yenye muhuri wa kampuni, tunaambatisha picha ya soketi, na tunampendekezea fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Mwenye nyumba wa Mumias alituma fundi siku ya nne. Wa Luanda hadi leo anaangalia, na mfanyakazi wetu wa huko anakuja ofisini mara tatu kwa wiki kwa nauli yetu.

Hatua ya 4: Radi

Mtu wa Nairobi hawezi kuandika hatua hii. Kuanzia Kisii hadi Kakamega, mvua ya alasiri huja na radi ya kweli, nayo hupenya kwa nyaya za stima. Kanuni yetu ni fupi: ukisikia ngurumo, chomoa kompyuta na ruta ya intaneti, fanya kazi kwa betri au pumzika, na kaa mbali na nyaya na mifereji. Huombi ruhusa. Dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudishe. Kuzima swichi ya ukutani bila kuchomoa hakutoshi.

Mteja akilalamika kwamba kazi imechelewa, nampigia mimi. Ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini haikuruhusu kumrudisha mfanyakazi mahali penye hatari kubwa ambayo bado ipo, na nimeshamsomea meneja wa kazi kifungu hicho mara mbili.

Hatua ya 5: Kiti, macho, joto na baridi

Kibodi na maus za pembeni kwa kila mtu, kisha laptop ipandishwe juu ya vitabu au kreti mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Kiti cha plastiki kinafaa ukiweka mto nyuma ya kiuno na miguu ikafika chini. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita sita kwa sekunde 20. Kuku wa jirani wanatosha.

Chini ya mabati ya Nyamasaria saa nane mchana hakuna akili inayolinganisha hesabu, hivyo wa huko huanza saa kumi na mbili asubuhi. Njoro shida ni kinyume. Kijana wetu aliota jiko la makaa huku amefunga madirisha. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, unasikia kichwa kizito na usingizi tu. Nilimnunulia blanketi na koti siku hiyo, na jiko likahamia nje.

Hatua ya 6: Swali ambalo halina picha

Mara moja kwa mwezi nampigia kila mtu bila ajenda. Kwa wengine nyumbani si mahali salama, na tuliwarudisha huko siku nzima. Nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, na 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa msongo wa mawazo. Zote ziko kwenye kila hati ya malipo, ili mtu aweze kuwa nazo bila kuonekana amezitafuta.

Hatua ya 7: Ajali ikitokea

Mfanyakazi aandike saa na alichokuwa akifanya, apige na picha ya mahali kabla hapajasafishwa. Jeraha linalomtoa kazini zaidi ya siku tatu linapelekwa kwa maandishi DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, ndani ya siku saba; kifo, taarifa ndani ya saa 24. Usimlaumu mtu kwenye kundi la WhatsApp. Ukifanya hivyo mara moja, hutapata tena ujumbe kama ule wa laptop inayotekenya.

Mtu akihama, rudi hatua ya 2. Mwezi uliopita kijana wa Njoro alikuwa akitafuta nyumba Lanet. Picha ya kwanza aliyonitumia ilikuwa ya soketi, kidole chake kikionyesha doa la kahawia. Nikamwambia asilipe dipoziti kwanza.