Kizingiti Kwanza: Jinsi ya Kumpokea Mgeni Mwenye Ulemavu katika Nyumba ya Kale ya Mawe

Natembeza wageni katika nyumba za mawe za Lamu, na kabla ya hapo nilikuwa seremala. Kazi hizo mbili zimenikutanisha na tatizo moja pale mlangoni. Waliojenga nyumba hizi kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko walikusudia sitara. Unapanda kutoka njiani hadi dakani (ukumbi wa mlangoni), unavuka kizingiti, unakata kona tekani (ukumbi mdogo wa ndani), ndipo unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, penye mwanga. Mpango huo ndio uzuri wa nyumba, na ndio unaomwacha nje mtu wa kiti cha magurudumu. Nimewaandikia wenye nyumba na watembeza wageni wenzangu. Mengi yatawafaa pia wa Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Hatua ya 1: Pima, lakini usipime peke yako

Chukua tepu na daftari. Anzia gatini, si mlangoni. Andika kimo cha kila ngazi, upana wa kichochoro mahali penye wembamba zaidi, na upana wa kila mlango ukiwa wazi. Viti vingi vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, hivyo mlango wa sentimita 80 unapitika na wa 90 ni raha. Kukigeuza kiti kizima kunataka nafasi ya sentimita 150 kwa 150. Kwenye mlango wa nakshi fungua mbao zote mbili, pamoja na ule wenye mfaa (mti wa katikati ya mlango) ambao kwa kawaida hukaa umefungwa, ndipo upime.

Kisha rudia njia ileile pamoja na mtu anayetumia kiti, na umlipe siku yake kama unavyomlipa fundi. Mimi nilipima kichochoro kizima na kuandika kwamba njia ni safi. Mwenzangu alipokuja, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa maji uliokata njia, mwembamba kama kiganja. Nilikuwa nauruka kila siku bila kuuona.

Hatua ya 2: Omba ruhusa

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Usichonge wala kutoboa kitu kabla ya kuzungumza na wahifadhi. Wakikuambia ulemavu na uhifadhi havikai pamoja, wakumbushe kwa upole Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Zungumza na majirani pia, maana mteremko wako utakaa kwenye njia ya watu na punda wao.

Hatua ya 3: Mteremko wa mbao

Hapa ndipo nilipokosea vibaya. Mlango wetu ulikuwa na ngazi mbili za sentimita 16, jumla 32. Ili nisizibe njia nikatengeneza mteremko wa mita moja na nusu. Mgeni wa kwanza kuutumia alikuwa mama wa makamo, anasukumwa na mwanawe. Katikati ya ubao magurudumu ya mbele yakanyanyuka, kiti kikalala nyuma, na yule mama akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Hakuumia, lakini hakutaka kujaribu tena. Alikuwa amesafiri siku mbili kuja kuiona nyumba ile, akaishia kuitazama kutoka njiani. Bado inaniuma.

Hesabu sahihi ni hii: kwa kila sentimita moja ya kimo, weka sentimita 12 za urefu. Sentimita 32 zinataka mteremko wa 384, karibu mita nne. Kichochoro hakikupi mita nne kwenda mbele, kwa hiyo ulaze sambamba na ukuta, kandokando ya baraza, na mbele ya mlango weka jukwaa tambarare la kugeuzia. Kama njia haina nafasi ya jukwaa, tafuta mlango mwingine wa nyumba, na wageni wote wa siku hiyo waingilie huko pamoja. Usimpitishe mtu mmoja mlango wa nyuma.

Upana uwe sentimita 90. Kingo zote mbili zipigiliwe papi (mbao nyembamba) za kimo cha sentimita tano ili gurudumu lisitoke. Juu paka rangi iliyochanganywa na mchanga, maana ubao ukilowa ni utelezi mtupu. Ukate vipande viwili ambavyo watu wawili wanaweza kubeba. Kizingiti chenyewe kisiguswe: weka kabari pana ya mbao nje na nyingine ndani, gurudumu lipande na kushuka.

Na tafadhali usijenge mteremko wa simiti. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuupumua kupitia chokaa. Ukiupaka simiti, maji na chumvi hukwama ndani, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inaanza kumeguka. Mbao unaziweka asubuhi, jioni unaziondoa, nyumba inabaki ilivyokuwa.

Hatua ya 4: Boti na maji

Mgeni anafika kwa boti kutoka Mokowe au kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Maji yakijaa, boti inakaribiana na gati. Yakipwa, anakutana na ngazi zenye mwani, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, ndiyo hatari zaidi. Basi panga safari kwa kufuata maji. Kiti kifungwe breki, lakini mtu asifungwe kwenye kiti: boti ikipinduka, kiti kitazama naye.

Vijana wetu wa gatini wana moyo, wakiona kiti tayari wameshakinyanyua. Wafundishe kuuliza kwanza, “Tukusaidie vipi?”, wamuulize mgeni mwenyewe na si aliyefuatana naye. Akikubali kubebwa, washike fremu. Sehemu ya kuegemeza mikono kwenye viti vingi huchomoka.

Hatua ya 5: Mwanga

Saa sita mchana kiwanda kilichopakwa chokaa kinang’aa kiasi cha kuumiza macho, na hatua tatu mbele msana, chumba kirefu kinachopakana na kiwanda, una giza. Kwa mwenye ualbino au uoni hafifu huo ni upofu wa ghafla. Mpangie asubuhi mapema, tandaza kitambaa cha kivuli kiwandani, na mwache akae dakani dakika chache macho yazoee. Kwenye ngazi usibandike utepe wa gundi, ukibanduka utaondoka na chokaa. Paka ukingo kwa maji ya chokaa yaliyotiwa masizi. Siku ukitaka kuufuta, unapaka chokaa nyeupe juu yake.

Hatua ya 6: Mikono na masikio

Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vyenye nakshi, za plasta za karne ya 18 hazistahimili mamia ya mikono. Mwombe fundi chokaa achonge kipande kipya chenye nakshi zilezile, na mgeni asiyeona akishike kwa muda anaotaka. Mlango wa nakshi apapase. Kijana mmoja aligonga fimbo yake sakafuni, akasikiliza, akaniambia, “Chumba hiki ni kirefu, lakini hakifiki mita tatu kwa upana.” Alikuwa sawa. Upana huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na tangu siku hiyo kila mgeni asiyeona namwanzia hapo.

Kwa viziwi, tafuta mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Simama uso wako ukiwa kwenye mwanga.

Hatua ya 7: Sema ukweli kabla hajasafiri

Ghorofani kiti hakifiki, na choo cha kale kina ngazi. Usifiche. Piga picha za vyumba vya juu, utafute choo cha karibu chenye nafasi, kisha umwandikie kila kitu kwa vipimo. Mimi hutuma ujumbe wa namna hii:

“Shikamoo mama. Kutoka gatini hadi kwetu ni mita 240 za njia ya mawe, mfereji mmoja, tutaweka ubao. Mlangoni ngazi mbili, mteremko upo. Mlango una sentimita 84. Chini utaona daka, kiwanda na misana miwili. Ghorofani ni kwa picha. Choo kiko nyumba ya tatu, hakina ngazi. Maji yatajaa saa nne asubuhi, boti iko tayari saa hiyo. Kiti chako kina upana gani, na ungependa tukusaidie vipi?”