Kabla hujafunga ruta ya pili nyumbani, zingatia haya

Nyumba zetu za tofali za saruji zinakula sana waifai. Sebuleni inashika, koridoni inashika, ukifika chumba cha mwisho simu inahangaika. Basi mtu anatoa ruta ya zamani kabatini, anavuta waya, anachomeka, anaona amemaliza. Hajamaliza. Usichomeke kitu kabla hujasoma hapa.

Kwanza hakikisha tatizo ni umbali kweli. Itoe ruta nyuma ya televisheni, ipandishe mahali pa juu na pa wazi, karibu na katikati ya nyumba, ujaribu siku mbili. Wengi shida yao inaishia hapo. Na kama umesimama mita mbili tu kutoka kwenye ruta na kasi bado mbovu, ruta ya pili haitakusaidia. Zungumza na waliokuuzia intaneti.

Waya wa mtandao nunua wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba tupu. Za bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka. Usivuke mita 100. Ukipita juani, chukua waya wa kutumika nje.

Sasa fika kwenye lile lenyewe. Ruta yoyote ikitoka kiwandani inajiona ndiyo mkuu wa nyumba. Simu ikiingia inaomba anwani ya IP, yaani namba yake ya kutambulika kwenye mtandao, na kuuliza njia ya kutokea kwenda intaneti ni ipi, na ruta ndiyo inayojibu. Kazi hiyo ya kugawa anwani ndiyo DHCP. Ukiziacha ruta mbili zigawe kwenye mtandao mmoja, umeweka wakuu wawili.

Mimi hili limenigharimu. Nilivuta waya kutoka sebuleni hadi vyumba vya uani, ruta ya pili nikaipa jina na nywila ileile ya waifai, mengine sikugusa. Jioni ile kila kitu kikaenda sawa. Kesho yake mke wangu anasema intaneti hakuna, kwangu ipo. Usiku kwake imerudi, televisheni haina. Nikapiga simu huduma kwa wateja mara tatu. Dada akaniambia, "Kaka, huku kwetu laini yako inaonekana iko sawa kabisa," nami nikamfokea. Alikuwa anasema kweli, na najuta mpaka leo.

Siku ya tatu mpwa wangu alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa chuo, dirisha linafungwa saa sita usiku. Anapakia cheti cha kuzaliwa, kiduara kinazunguka, ukurasa unagoma. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. "Mjomba, inasema nimeunganishwa lakini hakuna intaneti." Nikamnunulia bando, akamaliza saa tano kasoro, mikono inamtetemeka.

Alipomaliza nikaweka simu zetu mbili mezani, nikafungua maelezo ya waifai kwenye zote. Yangu: 192.168.1.14. Yake: 192.168.0.103. Ile 0 katikati ilitoka kwa ruta ya uani, iliyokuwa ikiwaambia watu "njia ya kutokea ni mimi" wakati yenyewe haina pa kutokea. Kila kifaa kilimfuata aliyewahi kujibu, ndiyo maana leo anakosa huyu, kesho yule.

Kwa hiyo fanya hivi, tena kwa mpangilio huu. Ruta ya pili ikiwa peke yake, iunganishe na kompyuta, fungua ukurasa wa mipangilio kwa anwani iliyobandikwa chini yake. Badili anwani yake kwanza: kama ruta kubwa, ile ya sebuleni, ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na uhakikishe ruta kubwa haigawi namba hiyo kwa mtu mwingine. Kisha zima DHCP. Ukianza na kuzima DHCP unaweza kujifungia nje. Anwani mpya iandike kwenye karatasi uibandike chini ya ruta. Halafu waya uingie kwenye tundu la LAN, yaani moja ya yale ya kuunganishia vifaa vya ndani. La WAN, lile la kuingizia intaneti, liache wazi. Kama kwenye menyu kuna chaguo la Access Point, yaani ruta itoe waifai tu bila kuwa mkuu, lichague, litakufanyia karibu yote hayo. Fuata tu linavyosema kuhusu tundu.

Kuna wanaochomeka kwenye WAN na kuacha DHCP iwake. Intaneti utapata, lakini umetengeneza mitandao miwili, na simu ya chumbani huenda isiione printa ya sebuleni.

Waya kati ya ruta na ruta uwe mmoja tu. Ukiweka wa pili ukidhani unaongeza kasi, data itazunguka humohumo na nyumba nzima italala.

Chaneli za 2.4 GHz, yaani njia za mawimbi ya waifai: ruta moja ipe 1, nyingine 6 au 11, zisigombane. Nywila ya kuingilia mipangilio ibadilishe kwenye zote mbili. Ile ya kiwandani kila mtu anaijua. Ruta isiyopata tena masasisho usiitumie hata kama inawaka. Umeme ukikatika, betri ya ruta ya sebuleni haitaiwasha ya uani. Na kama waya wako unapita nje kati ya nyumba na nyumba, mvua ya radi ikianza kuchomoa adapta peke yake hakutoshi, chomoa na huo waya, pande zote mbili.