Pima mlango wa kizazi kabla ya wiki ya 24

Dada zangu wa Arua, mimi mkunga wenu nawaomba: kama uliwahi kujifungua kabla ya wiki 37 za ujauzito, liseme siku ya kwanza ya kliniki, usingoje kuulizwa. Kisha uliza ni wapi wanapima urefu wa mlango wa kizazi kwa ultrasaundi ya ukeni, kati ya wiki 18 na 24. Nenda haja ndogo kwanza. Kifaa ni chembamba, huvishwa kondomu na kupakwa jeli, mtoto hakimdhuru. Urefu chini ya milimita 25 ni dalili ya hatari ya kujifungua mapema, si hukumu: daktari anaweza kukupa projesteroni, homoni inayosaidia kulinda ujauzito. Mkojo nao upimwe, maambukizi huchochea uchungu. Tumbo likikaza mara kwa mara, au maji yakitoka, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo.