Somo: Kugeuza simu ya zamani iwe mdomo wa mtoto mwenye usonji

Habari zenu wadau. Nimetumiwa meseji nyingi kuhusu watoto wenye usonji (autism) kutumia simu kuongea, naona niweke yote hapa tumalizane. Somo ni la yule mtoto ambaye haongei au ana maneno machache, anakushika mkono anakuvuta mpaka kwenye friji halafu anaanza kulia maana hujajua kama anataka maji, juisi au lile embe. Anachotaka anakijua vizuri sana, shida ni namna ya kukwambia. Kama wako anaongea na shida yake ni nyingine ruka mpaka kwenye maswali.

Hatua ya 1: Awe na simu yake. Android ya zamani inatosha, hata kioo kikiwa na ufa, ilimradi spika inasikika na chaji inakaa. Toa laini, futa gemu, YouTube kama haifutiki izime kwenye setingi. Wengi hapa wanabisha eti simu yangu itatosha, haitoshi bana, akitaka kusema kitu na wewe uko hewani unapiga stori na wifi yako, dada wa mumeo, atafanyaje?

Hatua ya 2: Programu. Mimi napenda Cboard, ni ya bure, UNICEF waliifadhili, na kwenye Android ukishaipakua inafanya kazi bila bando. LetMeTalk nayo ipo bure. Zote ni vibox vya picha, ukigusa picha simu inatamka. Ukitaka picha za ziada tafuta ARASAAC, mradi wa serikali ya jimbo la Aragón kule Hispania, michoro yao ni bure kupakua na kuprinti ilimradi huifanyii biashara.

Hatua ya 3: Tengeneza ubao wako. Usimrundikie picha 60 siku ya kwanza, anza na nne. Na weka anavyovipenda YEYE, sio unavyotaka wewe, watu wanaanza na "choo" na "kulala", sasa mtoto gani anaomba kulala? Weka chapati, bembea, maji. Piga picha kikombe chake kilekile cha plastiki chenye mpini uliokatika, maana baadhi yao kuunganisha mchoro wa katuni na kitu halisi huwachukua muda. Kiweke juu ya kitambaa cheupe ndo upige, ukikiweka juu ya kanga ataangalia maua. Box la nne liwe SITAKI. Hilo msilisahau, mtoto asiye na namna ya kukataa atakataa kwa kung'ata.

Hatua ya 4: Sauti. Hapa ndo patamu. Sauti ya mashine saa nyingine inasoma Kiswahili kama mzungu aliyeshuka juzi, kwa hiyo ukihariri kibox rekodi sauti ya mtu. Usirekodi "unataka maji?", rekodi "nataka maji". Watoto wengi wenye usonji wanarudia sentensi kama walivyoisikia, ndo maana utakuta ana kiu halafu anasema "unataka maji", si ndivyo unavyomwambia kila siku? Na kama ni wa kiume mwite binamu yake wa umri huohuo arekodi yeye, kwa nini aongee kwa sauti ya mama.

Hatua ya 5: Ifunge. Yaani asiweze kutoka kwenye programu akaenda kwingine. Setingi, Usalama, tafuta kubandika programu, washa na uweke idai PIN kabla ya kutoka. Kwenye iPhone ni Guided Access. Washa na Usinisumbue.

Hatua ya 6: Gusa wewe kwanza. Hii ndo hatua yenyewe na ndo watu wanairuka. Ukinywa maji gusa picha ya maji, sikieni wote, kunywa. Baba akila chapati aguse chapati. Usimshike kidole kumlazimisha na usimfanyie mtihani wa "nionyeshe maji yako wapi". Akigusa hata kwa bahati mbaya mpe hapohapo. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Na usimnyang'anye ile simu kama adhabu hata siku moja, mtoto anayeongea akikukosea huwa unamziba mdomo?

MASWALI

Mama Twins: Mwalimu, akizoea simu si ndo hatoongea kabisa?
Jibu: Hapana dada, tafiti hazijaonyesha kwamba picha zinazuia kuongea, wengine hata maneno yanaongezeka maana presha imepungua.

Baba N: Chapati anagusa mpaka kero, nifanyeje?
Jibu: Hahaha hongera mzee, anaongea huyo. Usifute picha. Ongeza box la IMEISHA, mwonyeshe hotpoti tupu, gusa IMEISHA. Atalia kidogo ila atakuwa amejibiwa.

Mdau wa Muheza: Kwetu umeme unakatika, na bibi yake simu janja hataki kuiona
Jibu: Ziprinti picha zilezile stationery, laminesheni, toboa, funga kamba. Mambo ya kadi za picha hayajaanza na simu, wataalamu Andy Bondy na Lori Frost walikuwa wanayafanya kwa karatasi huko Delaware, Marekani, tangu 1985. Hata mwenye simu awe nazo.

Chocho: kuna jamaa anauza programu anasema inatibu usonji, ni kweli?
Jibu: Usitoe hela. Usonji hauna programu ya kuutibu, hizi ni za kumsaidia kuwasiliana tu.

Kijana 24: Mimi mwenyewe nina usonji, naongea ila konda akinipigia kelele maneno yanakata
Jibu: Mdogo wangu, andika kabisa kwenye notsi za simu kwa herufi kubwa "Nashuka Magomeni, siwezi kuongea sasa hivi", uwe unamwonyesha.
Kijana 24: Nishajaribu kuandika ya nauli, hiyo ya kushuka nitaandika. Na headphone navaa bila mziki, kelele inapungua, waambie wazazi hiyo pia

Mama Twins: Picha ya bembea nimepiga lakini ina watoto wengine, inafaa?
Jibu: Rudia ikiwa tupu dada, asije akadhani anaomba wale watoto.